Rivasi Bila Utingo

Lori la Afrika Mashariki huendeshwa na watu wawili, ingawa leseni huwa ya mmoja. Dereva anashika usukani. Utingo anashika mengine yote: alfajiri anagonga matairi kwa chuma asikie lipi limepungua upepo, anapima oili, anajaza maji ya rejeta, anakaza kamba za turubai, anatia jiwe nyuma ya tairi gari likizimika mlimani, anapanda juu ya mzigo na mti mkavu kuinua nyaya za umeme zilizolegea. Lori likirudi nyuma, yeye ndiye anayesimama kwenye vumbi akipaza sauti: "Lete! Lete! Kata kulia! Nyoosha! Haya, hapohapo!" Kisha anapiga bodi makofi mawili. Malipo yake ni posho, wali wa njiani na ahadi ya kufundishwa gari, ahadi ambayo hutimizwa usiku wa manane kwenye barabara iliyonyooka, tajiri akiwa amelala.

Marekani kiti cha utingo kipo. Utingo ndiye hayupo. Dereva yuko peke yake na trela la futi 53, yaani mita 16 na kitu, na mtihani wa leseni ya udereva wa malori ya biashara, CDL, umetungwa kana kwamba serikali inataka kujua jambo moja tu: je, mtu huyu anaweza kuwa utingo wa nafsi yake?

Bwana tunayemzungumzia hakulijua hilo alipofika Columbus, Ohio, kwa bahati nasibu ya viza. Alikuwa mtu wa Tanga aliyeumaliza ujana wake kwenye Fuso, akahamia matrela ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na Mlima Kitonga aliujua kona kwa kona. Alipokelewa na mpwa wake aliyekulia hukohuko, akapata kazi ya usiku ghalani, na kila alfajiri alisimama mlangoni akiyatazama matrela yanavyojipanga. Sheria ya huko inataka gari la kawaida na mzigo wake lisizidi ratili 80,000 kwenye barabara kuu, takribani tani 36. Bwana aliposikia alicheka waziwazi. Sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki inafika tani 56.

"Mwanangu," alimwambia mpwa, "haya ni magari ya watoto. Nipeleke nikachukue leseni."

"Mjomba, haichukuliwi. Inasomewa."

Kwa haki yake, zamani hata Marekani haikusomewa sana. Kabla ya sheria ya mwaka 1986, majimbo mengi yalimruhusu mwenye leseni ya gari dogo kukwea trela na kuondoka nalo. Wajanja walikuwa na leseni za majimbo kadhaa kwa wakati mmoja, na makosa yao waliyagawa humo: faini hii iende leseni ya Texas, ile iende ya Georgia. Mchezo huo ulipigwa marufuku, na ilipofika Aprili 1, 1992, kila dereva wa lori kubwa alitakiwa awe na CDL, leseni moja tu ya jimbo lake. Bwana aliposimuliwa alisikitika kidogo. Alihisi amefika karamuni sufuria zikioshwa.

Kilichomshangaza kwanza ni kwamba hawakuanza na gari. Walianza na mwili. Dereva anapimwa macho, kila jicho peke yake, presha inatakiwa iwe chini ya 140 kwa 90 kama anataka cheti cha miaka miwili, mkojo unapimwa, kisha huja kipimo cha masikio, ambacho ni mnong'ono. Mpimaji anasimama umbali wa futi tano, kama mita moja na nusu, na kunong'ona maneno au tarakimu. Anayepimwa anatakiwa ayarudie.

Hapo uzoefu ukamponza. Kwa maisha yake yote ya barabarani, mtu mwenye sare akimnong'oneza dereva wa lori huwa na maana moja tu, na maana hiyo haihitaji kurudiwa kwa sauti. Daktari alinong'ona. Mkono wa bwana ukaenda mfukoni wenyewe. Daktari akanong'ona tena, naye akageuka mzima mzima, maana si adabu kumpa kisogo mtu aliyesoma, akamtazama usoni kwa macho ya mtu aliye tayari kuelewana. Walielewana mwishowe, baada ya mpwa kuitwa kutoka barazani. Presha nayo ilikuwa imepanda kwa sababu zinazoeleweka, akaambiwa akae atulie kwanza.

Nadharia ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajiwa. Katika majimbo mengi maswali ya jumla ni 50 na unatakiwa upate 40. Kisha kuna ya breki za upepo na ya magari yenye trela. Mpwa alimsomea kijitabu jioni, bwana akiwa amejilaza kwenye kochi, na mara nyingi jibu lilitoka kabla swali halijaisha. Walipofika sura ya kuteremka milima alikaa kitako. Kijitabu kinafundisha kwamba ukiwa gia ndogo, na mwendo salama ni maili 40 kwa saa, uache gari lifike 40, ukanyage breki kiasi cha kuhisi gari limepungua mwendo hadi ushuke 35, uachie, lipande tena, ukanyage tena. Usiikalie breki ikapata moto mpaka ikagoma. "Hii ni Kitonga hii!" alisema. "Nani kawaambia?" Maswali yote ya mlima aliyapata.

Aliloanguka nalo ni la gari kuharibika njiani. Sheria inampa dereva dakika 10 kutandika pembetatu tatu zinazoakisi mwanga, na kwenye barabara iliyogawanywa katikati zinakaa nyuma ya gari, kwa futi 10, futi 100 na futi 200. Bwana aliyasoma majibu yote manne, akarudi juu, akayasoma tena.

"Na matawi?"

"Matawi gani, mjomba?"

Kijana hakuwahi kuona rundo la majani mabichi katikati ya barabara ya Morogoro, ambalo kila mtu kuanzia dereva wa basi hadi mwendesha bodaboda hulisoma bila kusomeshwa: mbele kuna mwenzako kaharibikiwa. Wala hakujua kwamba kukata matawi hayo ni kazi ya utingo. Bwana alieleza kwa kirefu. Mpwa alisikiliza kwa heshima, kisha akamwambia pembeni ya barabara kuu za Ohio kukata mti ni kosa jingine peke yake.

Tangu Februari 7, 2022, mwanafunzi mpya hawezi kufanya mtihani wa vitendo bila kupitia shule iliyosajiliwa na serikali kuu. Kanuni hiyo haikupanga saa za mafunzo; mwalimu ndiye anayepima kama umeiva. Leseni ya mwanafunzi nayo lazima ukae nayo siku 14 kabla hujatahiniwa, na ukiendesha barabarani, mwenye CDL lazima akae kiti cha pembeni. Kwa kipindi hicho kifupi, basi, kiti cha utingo kilipata mtu. Ila utingo wenyewe ulikuwa wa ajabu: haushuki, haupimi oili, na badala ya kusema "lete" unaandika kwenye karatasi.

Shuleni ndiko mambo yalikoharibika.

Mtihani wa vitendo una sehemu tatu: kulikagua gari, kulichezesha uwanjani, kuingia barabarani. Bwana aliiona ile ya kwanza kuwa salamu tu. Mwalimu alipomwambia "kagua gari," alizunguka mara moja, akapiga tairi teke mbili tatu, akainama kidogo kutazama chini, akafunua boneti, akaitikia kwa kichwa, akafunga boneti. Dakika mbili hazikufika.

"Umekagua nini?" mwalimu aliuliza.

"Lori."

Kumbe macho hayana alama. Sheria ya mchezo ni kwamba kila kifaa unakigusa au unakionyesha kwa kidole, unakitaja kwa jina, na unatangaza hali yake kwa sauti: hakijapasuka, hakijapinda, hakijavunjika, kimefungwa imara. Mpira wa maji: hauvuji, haujachanika. Springi: hazijahama, hazijakatika. Nati za tairi: zipo zote, hazina kutu inayoonyesha kulegea. Tairi za mbele: kashata zake zisipungue inchi 4 kati ya 32, yaani milimita tatu na ushei, za nyuma inchi 2 kati ya 32. Usukani: usiwe na mchezo unaozidi inchi mbili kwenye usukani wa inchi 20. Fimbo ya breki ukiivuta kwa mkono, breki ikiwa imeachiliwa, isisogee zaidi ya takribani inchi moja. Halafu unahamia trela na kuanza upya, na ukisahau kusema kifaa kimefungwa imara, mtahini atachukulia kwamba kimelegea.

Na yote haya kwa Kiingereza, kwani mkalimani haruhusiwi kwenye mtihani wa vitendo. Kanuni ya kumtaka dereva wa malori yanayovuka majimbo aweze kuzungumza Kiingereza, kusoma alama na kumjibu ofisa ni ya miongo mingi, ila kwa miaka kadhaa haikukazwa. Ilikazwa tena kwa amri ya rais ya Aprili 2025, na tangu Juni 25 mwaka huo dereva asiyeweza kujibu anapokaguliwa barabarani huamriwa aegeshe hapohapo. Bwana alikuwa na Kiingereza cha Tunduma, kinachotosha kuuliza bei na kulalamikia foleni. Hakikuwa na springi wala nati.

Akajifunza kwa kukariri, kama alivyokariri juzuu utotoni: kwa sauti, kwa kuyumba, bila kuruka. Alfajiri akitoka kazini alikagua nyumba. Aligusa mlango, akagusa friji, akagusa kochi. "Meza haijapasuka, haijapinda, haijavunjika," alitangaza.

"Na haijafutwa," mkewe alimalizia kutoka jikoni.

Matokeo yake yalikuwa Kiingereza cha vipuri. Aliweza kueleza safari nzima ya upepo kutoka kompresa hadi kwenye breki za trela, lakini hakuweza kuagiza kahawa. Siku moja kwenye kituo cha mafuta muuzaji alimuuliza kama anataka kikombe kifunikwe. Bwana alikigusa, akakizungusha, akamhakikishia kwamba hakivuji na kifuniko kimefungwa imara. Alipewa kwa tabasamu na, kwa maelezo ya mpwa, alizidishiwa sukari.

Siku ya mtihani alighani kifaa kwa kifaa, na mtahini, mama mtu mzima mwenye ubao wa karatasi na glavu nene, hakuinua macho hata mara moja, ishara njema. Zikaja breki za upepo. Hapa hakuna nusu alama: ukikosea jaribio hili, katika majimbo mengi unarudi nyumbani. Kwanza tairi zinawekewa kabari ili gari lisitambae breki zikiachiliwa. Bwana alishuka akatazama chini. Akazunguka trela. Akaenda hadi kwenye uzio. Uwanja ulikuwa wa lami iliyofagiwa, hapakuwa na jiwe hata la kumpigia kunguru, na kabari za mpira zenye rangi ya chungwa zilikuwa zimening'inia karibu na mlango wa kichwa cha lori, alipopita zaidi ya mara moja.

Alizipata mwishowe. Akazima injini, akawasha swichi, akaachia breki, akakanyaga pedali na kuishikilia dakika nzima. Kwenye gari lenye trela upepo usipotee zaidi ya ratili nne kwa inchi ya mraba. Akaanza kuikanyaga na kuiachia, upepo ukashuka, king'ora kikalia, akaendelea, mpaka vile vifundo viwili vya dashibodi, chekundu na cha njano, viruke vyenyewe kati ya 20 na 45. Viliruka: pwaa! Bwana alifurahi hata akasahau kulitaja lile la dakika moja, alilokuwa amelifanya kwa ukamilifu. Kulifanya alilifanya. Kusema hakusema. Mama aliandika neno moja, akafunga ubao.

Njiani kurudi hakuzungumza. Tuwe wakweli: kama mtihani ungekuwa wa kulifikisha trela Mbeya usiku wa mvua, yeye ndiye angestahili kuwa mtahini. Ila waliotunga jaribio hili nao si wendawazimu. Asiye na utingo hana wa kumuuliza "uliitazama ile breki?", na kinywa chake ndicho ushahidi pekee kwamba macho yalipita hapo.

Aliporudia alifika uwanjani kwenye rivasi, na rivasi ndiyo iliyokuwa fahari yake. Trela linarudi kinyume: ukitaka kitako chake kiende kulia, usukani unaukata kushoto, na ukichelewa kuufuata, kichwa na trela vinakunjana. Hilo alilijua kwa mikono. Kilichomsumbua ni ukimya. Kwa miaka yote alirudi nyuma kwa masikio. Vioo vilikuwa vya kunyolea ndevu. Sasa aliweka gia ya nyuma, akafungua dirisha, akasubiri. Hakuna aliyesema lete.

Katika mazoezi alikuwa ameokolewa na mwanafunzi mwenzake, Mkongo wa Bukavu, ambaye alisimama nyuma ya koni kwa moyo wa kujitolea na kupiga kelele: "Kuya! Kuya! Kuya! Simama!" Bwana aliingia kizimbani kama uzi kwenye tundu la sindano, wakapongezana kwa kukumbatiana. Mwalimu aliwakalisha chini wote wawili na kuwaambia kwamba siku ya mtihani sauti pekee itakayoruhusiwa ni ya injini.

Badala ya utingo, Wamarekani wana kanuni ya "shuka ukatazame". Ukiwa na shaka unasimama, unafunga breki za kuegesha, unashuka, unatazama kwa macho yako, unarudi. Kwenye mtihani kushuka kumewekewa idadi, na kushuka kwenyewe kuna mtihani wake: uso uelekee gari, na muda wote viungo vitatu viwe vimeshika, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Bwana alifunga breki vizuri. Akafungua mlango. Kisha mwili ukakumbuka Chalinze, mama ntilie na supu ya asubuhi, akageukia nje na kuruka chini kwa mguu mwepesi wa kijana, glavu mkononi. Alitua barabara kabisa. Mama wa ubao alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, na safari hii aliinua macho. Kushuka hivyo kunaweza kukuangusha papo hapo, na kulimwangusha papo hapo.

Mkongo alifaulu siku hiyo. Ana sababu zake, na moja ni kwamba Congo gari hupita kulia, kama Marekani, kwa hiyo barabarani hakuwa na cha kusahau. Mtu wa Tanga amezaliwa kushoto. Akiwa barabara iliyonyooka hana neno. Kwenye kona ndipo damu inaporudi kwao. Kona kali ya Marekani ni ya kulia, kwani ndiyo iliyo karibu na ukingo, na gurudumu la nyuma la trela hukata njia ya mkato na kupanda pale wanapopita watu. Hilo nalo ni la kurudi nyumbani. Mwalimu alimfundisha atangulie mbele kwanza, apite kona kwa nusu ya gari, ndipo akate. Alijifunza haraka, maana kona za Kariakoo ni nyembamba zaidi, ila huko alikata kushoto na watu walikuwa wanahama wenyewe.

Halafu yapo madaraja. Matrela mengi ya huko yana urefu wa kwenda juu wa futi 13 na inchi 6, na mtahini ana ruhusa, mkishapita chini ya daraja, kuuliza kibao chake kilisema futi ngapi. Si swali la kupotezeana muda. Mjini Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8. Lilivua mapaa ya malori mengi kiasi kwamba mtu mmoja aliyefanya kazi jirani alitega kamera mwaka 2008, na dunia nzima ikawa inatazama. Waliweka taa za kuonya, hayakukoma. Mwaka 2019 wakaliinua hadi futi 12 na inchi 4. Bado yanagonga.

Bwana aliporudia tena alifika barabarani, na mama alipomuuliza daraja walilolipita lina urefu gani, yeye alidhani barafu imeyeyuka na sasa wanapiga soga. "Zuri sana," alijibu. Akakatwa alama. Kwenye daraja la pili alikuwa ameshaelewa, akataja tarakimu bila kuulizwa. Akaendelea hivyo kwa kila kibao walichokipita, cha daraja, cha mwendo, cha mgahawa wenye punguzo la kuku, mpaka mama akamwomba kwa upole aendeshe tu.

Alifaulu.

Kadi ilipokuja ilikuwa na picha yake akiwa amekaza uso, daraja A, na chini yake herufi moja ya masharti. Shule ilikuwa na magari ya otomatiki tu, na anayetahiniwa kwa otomatiki hupigwa marufuku kuendesha lori la gia za mkono. Mtu aliyeteremka Kitonga kwa kubadili gia kwa kusikiliza injini, klachi mara mbili bila kukwaruza, sasa haruhusiwi kisheria kugusa klachi. Sharti hilo huandikwa kwa herufi E. Alipiga picha kadi, akairusha kwenye kundi la ukoo. Tanga wanajua kwamba E ndilo daraja la malori makubwa Tanzania, lile alilokuwa nalo tangu zamani, na hongera zikaanza kumiminika: E hata Marekani! Kaka zake wakaandika, shangazi wakatuma sauti zenye vigelegele, mzee mmoja wa stendi akasema alijua tu kwamba Wazungu wasingethubutu kumshusha daraja.

Mpwa alianza kuandika maelezo. Bwana akamchukulia simu mkononi, akaizima, akaiweka mezani kifudifudi.